Ruhusa ya Kupita Msitu wa Watani

Arbab wangu, yaani bosi wangu Mwarabu, alinipenda kwa sababu sisemi. Aliwahi kuwaambia wageni mbele yangu, "Wengine wanaongea, gari linabaki juu ya jeki. Huyu ananyamaza, gari linatoka." Nilifurahi mpaka nikainama kuokota spana ambayo haikuwa imeanguka.

Gereji yake iko Ras Al Khor, Dubai, katikati ya maduka ya vipuri. Tunaandaa magari ya kwenda jangwani: matairi mapana, matangi ya maji, mahema ya kufunga juu ya paa. Mimi ni mtu wa Kisarawe, nimesoma mpaka darasa la saba, na tangu utoto nikiitwa mbele ya watu masikio yananichemka na maneno yananikimbia. Ndiyo maana mambo haya nayaandika. Kuandika nakwenda polepole, lakini karatasi hainikodolei macho.

Aliyekuwa na shida hasa ni mzee, baba yake arbab. Kila asubuhi dereva alimleta gerejini, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya feni kubwa na kusikiliza kazi. Ujanani mwake aliwinda swala jangwani, enzi ambazo jambo hilo lilikuwa halijakatazwa. Alijua kumsoma mnyama kwa namna anavyogeuza shingo. Sasa macho yalikuwa yanamwacha. Daktari alimweleza wazi kwamba ugonjwa wenyewe haurudi nyuma. Mwaka huu ataona, mwaka ujao hakuna wa kuahidi.

Mzee hakulia wala hakuuliza dawa. Aliomba jambo moja tu. Alitaka kumwona palahala kwa macho yake, akiwa hai, porini, kabla pazia halijashuka. Palahala ni mnyama wa jamii ya swala, mkubwa kama farasi, dume lake jeusi, lenye pembe ndefu zilizopinda kurudi nyuma kama mundu. Rafiki yake mmoja alikuwa na kichwa cha palahala ukutani, na mzee alikuwa amekitazama miaka mingi. "Kichwa hakinitazami," alisema. "Nataka yule anayenitazama na kukimbia."

Arbab akaamua kwenda kuwinda palahala Tanzania, na baba yake awe pembeni na darubini. Kwa kuwa mimi ni Mtanzania, kazi ya vibali ikanidondokea.

Nilidhani itakuwa kazi ya kukimbia na karatasi tu, na kwa muda mrefu ndivyo ilivyokuwa. Leseni ya kuwinda ilishughulikiwa na mama mmoja wa kampuni ya uwindaji kule Dar es Salaam, mwenye kitalu cha kuwindia upande wa Tabora. Huku Dubai kulikuwa na kibali cha kusafiri na bunduki, na kila dirisha lilinituma kwenye dirisha jingine. Nilikwenda ofisi ya kuchapa, nikarudi, nikaambiwa muhuri uko upande usiofaa, nikaenda tena. Picha ya pasi ya mzee peke yake ilitutoa jasho. Kila taa ya kamera ilipowaka alifumba macho, na mpiga picha akasema, "Haji, fungua macho." Mzee akamjibu, "Mwanangu, hayo ndiyo yaliyobaki, siyachezei." Tulicheka wote, mpiga picha akapata picha nzuri katika kicheko kile. Ikakataliwa kwa sababu meno yalionekana.

Jioni, mambo yakienda vizuri, dereva alitupeleka mimi na mzee kwenye kibanda cha kutazamia ndege, kule kwenye maji ya chumvi nyuma ya viwanda, wanakosimama heroe, ndege wekundu wa miguu mirefu. Mzee alijaribia pale darubini yake mpya. Mara ya kwanza, majira ya baridi, aliniambia, "Yule wa mwisho amesimama mguu mmoja." Ilikuwa kweli. Joto lilipoanza aliniuliza, "Wamesimama au wamekaa?" Halafu siku moja alishusha darubini akasema, "Naona wingu jekundu. Zuri sana." Niliangalia maji. Dereva naye aliangalia usukani.

Kwa hiyo nilijua tunashindana na nini.

Vibali vyote vilipokamilika, mama wa kampuni akapiga simu na habari mbaya. Daraja la kuingilia kitaluni lilichukuliwa na mvua zilizopita na halijajengwa. Njia iliyobaki ilipita kwenye msitu wa kijiji, na kambi nayo ingelazimika kukaa karibu na kisima chao. Serikali imeruhusu kuwinda, lakini msitu ni wa kijiji, na kijiji kisipotaka, gari halipiti.

"Nimewaandikia barua," mama yule alisema. "Wamejibu kwamba hawataki barua. Mgeni aombe mwenyewe, kwa mdomo wake au wa mtu wake. Ongea nao wewe, mwanangu. Lakini kabla ya wiki kuisha, maana nafasi hii kuna wageni wengine wanaisubiri."

Nilimtafsiria arbab. Akasukuma simu mbele yangu mezani. "Yalla," alisema. "Ongea."

Tulikuwa katika ofisi yake ya vioo juu ya gereji. Mzee alikuwa kwenye kochi, darubini shingoni. Simu ikawekwa spika. Ikaita, ikapokelewa na sauti nzito ya mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nilieleza ninakopiga, ninayemwombea na tunachoomba: njia ya kupita na mahali pa kupiga kambi. Nilieleza vizuri, maana nilikuwa nimejisomea maneno yale chooni tangu asubuhi.

"Kiswahili chako cha Pwani," alisema mwenyekiti. "Mtoto wa wapi wewe?"

"Kisarawe, mzee."

"Kabila?"

"Mzaramo, mzee."

Kimya. Nikasikia watu wakisogea huko aliko, viti vikiburuzwa.

"Mzaramo!" alipaza sauti. "Jamani, Mzaramo anataka msitu wetu! Sikiliza kijana. Mzaramo akiingia msituni hawindi. Anakata mti, anachonga ngoma, na wiki nzima kijiji hakilali. Unataka tukeshe?"

"Hapana mzee. Samahani mzee."

"Na babu zetu walipofika kwenu na meno ya tembo kichwani, mliwauzia maji ya kunywa. Maji! Watu gani wanamuuzia mgeni maji?"

"Samahani sana, mzee."

"Hiyo simu yenyewe inanuka mihogo!"

"Samahani."

Watu nyuma yake walipiga kelele. Mimi masikio yalikuwa yanaungua. Kimya kikaja tena, kirefu kuliko cha kwanza, kama mtu aliyenyoosha mkono na hajapewa mkono. Kisha mwenyekiti akasema kwa sauti nyingine, ya chini na baridi, "Huna la kusema?"

"Sina, mzee. Naomba radhi."

"Basi na sisi hatuna." Akakata.

Arbab alinitazama. "Wamesema nini?"

"Wamekataa," nilisema. "Wana hasira na kabila langu. Wanasema tuliwauzia maji."

"Lini?"

"Zamani za mababu."

Arbab aliweka viganja usoni. Mzee alivua mkanda wa darubini shingoni, akaukunja taratibu, akairudisha darubini ndani ya kisanduku na kufunga kifungo. Kile kifungo kilivyolia, nilitamani nirudi chini ya gari nibaki huko.

"Khalas, basi tena," alisema arbab. "Tutawaambia wawape nafasi wengine."

Niliomba asubiri mpaka wiki iishe. Sikujua ninasubiri nini.

Chakula cha mchana cha gerejini kilipikwa nyumbani kwa arbab na dada mmoja wa Songea, Mngoni, mtu mzima anayewaita wote wadogo zake. Siku ya pili yake nilitumwa kurudisha masufuria. Alikuwa anachambua mchele. Akaniona uso.

"Nani kafa?"

Nikamweleza simu yote, neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa nimeirudia kichwani usiku kucha. Nilipofika kwenye simu kunuka mihogo, aliweka sinia chini. Nilipofika kwenye "samahani" ya tatu, alikuwa ameketi juu ya gunia la mchele, khanga mdomoni, machozi yanamtoka.

"Dada, mbona unacheka?"

"Wanyamwezi hao?"

"Ndiyo. Upande wa Tabora."

"Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, wewe! Umetaniwa! Mtu kakufungulia mlango mpaka mwisho, wewe umekaa kizingitini unaomba radhi!"

Nilisema sikujua. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyesema hajui jua linatoka wapi.

"Hujawahi kwenda msibani? Hujaona watani wanakalia njia, jeneza halipiti mpaka wapewe chochote?"

Hapo nikakumbuka. Nilipokuwa mdogo, siku ya mazishi ya babu, mtu mmoja mgeni alivaa koti la marehemu nyuma mbele, akapita kati ya waombolezaji akikohoa kama babu alivyokuwa akikohoa. Nilitaka kumpiga jiwe. Lakini mama yangu, ambaye hakuwa ameinua uso tangu alfajiri, aliinua uso, akacheka huku analia, akala chakula. Nilidhani ni kichaa aliyepita njia. Hakuna aliyenieleza, na mimi si mtu wa kuuliza.

"Mtani haombwi radhi," dada alisema, sasa hacheki. "Mtani anajibiwa. Wewe ulivyonyamaza, umewaambia hamjuani. Umeukataa undugu. Ndiyo maana yule mzee sauti ilibadilika. Wewe ndiye uliyemkatalia kwanza."

"Nifanyeje?"

"Piga tena. Umtukane."

"Mwenyekiti wa kijiji?"

"Mwenyekiti, na wajumbe, na kama mkewe yupo hapo umalizie na yeye. Lakini usitaje wazazi wa mtu na usiguse msiba wao. Chapa kabila. Chapa mizigo. Hao mababu zao walikuwa wapagazi maarufu, wanabeba mizigo kichwani kutoka bara mpaka baharini. Huko ndiko pa kuchapa."

Kutukana, kwangu, kulikuwa kugumu kuliko vibali vyote. Sijawahi kumjibu hata mtu aliyenikanyaga. Jioni nilimweleza mlinzi wa lango letu, Mkenya wa huko Kitale, rafiki yangu kwa sababu yeye huongea kwa niaba yetu wote wawili.

"Hiyo si kazi," alisema. "Mimi ndio Mnyamwezi. Nitukane."

"Wewe... ni mpagazi."

"Nini? Siskii. Unaongea ni kama kuna mtoto analala."

"Wewe ni mpagazi!"

"Bado, boss. Umenitukana ama umenisalimia?"

Tukaenda nyuma, kompresa ya kujazia upepo inapounguruma, ili nilazimike kupaza sauti. Nilipiga kelele za mizigo na meno ya tembo mpaka fundi wa rangi wa jirani akachungulia juu ya ukuta. Mlinzi alikuwa anapiga makofi. "Sasa hiyo imeuma! Hiyo hata mimi wa Kitale imeniuma!"

Kilichobaki kilikuwa arbab. Nilipanda ngazi, nikasimama mbele ya meza yake, na kwa Kiarabu changu cha gereji nikasema naomba simu moja zaidi.

"Utawaambia nini?"

"Nitawatukana, sir."

Alikaa akinitazama. "Tunawaomba ardhi yao. Wamekasirika. Na wewe unataka kuwatukana."

"Hawajakasirika, sir. Ni ndugu wa namna fulani. Wananisubiri nijibu."

Nilikuwa sina maneno ya kueleza zaidi. Kwa Kiarabu sikuwa nayo kabisa. Arbab akatikisa kichwa kukataa. Ndipo mzee, ambaye nilidhani amesinzia kwenye kochi, akasema, "Mwache."

"Baba, atatuharibia."

"Kijana huyu tangu nimjue hajaniomba hata maji ya kunywa. Leo ameomba kumtukana mtu. Ana sababu. Mpe simu."

Mama wa kampuni, nilipomweleza, alicheka kama dada wa Songea, akasema ni yeye mjinga kwa kutoniuliza kabila. Alitutengea muda: siku ya mkutano wa kijiji, mchana, simu ya mwenyekiti ingewekwa mbele ya kipaza sauti ili watu wote wasikie. Watu wote. Nilitamani asiniambie hilo.

Siku ilipofika, arbab alisukuma simu mbele yangu tena. Mzee alikuwa kwenye kochi, kisanduku cha darubini mapajani, kimefungwa. Mlinzi alisimama nje ya kioo bila ruhusa, amekunja ngumi kunipa moyo. Simu ikapokelewa, na nyuma yake nikasikia umati, watoto, kuku, upepo kwenye kipaza sauti.

"Nani mwenzangu?" alisema mwenyekiti, sauti ileile baridi.

Masikio yakachemka. Mdomo ulitaka kusema shikamoo. Shikamoo ilikuwa tayari juu ya ulimi, na ingekuwa rahisi sana. Nikaimeza.

"Mwenye bahari anaongea hapa," nilisema. "Naomba kuzungumza na mpagazi mkuu. Kama bado ana mzigo kichwani, nitasubiri autue."

Hata kuku nadhani walinyamaza. Arbab alikuwa anatazama uso wangu akitafuta dalili. Nikaona sina pa kurudi, nikaendelea.

"Na mniambie kama mababu zenu walifika salama. Kwetu tunasimulia bado. Walipoiona bahari mara ya kwanza, walivua viatu wakasema, 'Jamani, mbuga imefurika, tusubiri ikauke tuvuke.' Wengine wanasubiri mpaka leo, tunawaona pale ufukweni. Ndiyo maana tuliwauzia maji. Tungewapa ya bure wangehamia!"

Sauti iliyotoka kwenye simu ile siwezi kuiandika vizuri. Ilikuwa kama lori la kokoto linamwagwa. Vigelegele, miluzi, mtu anapiga bati. Arbab alisimama. Alidhani ni ghasia. Mzee akamshika kanzu akamkalisha.

"Mzaramo!" mwenyekiti alikuwa anapiga kelele juu ya kelele. "Mzaramo, kumbe u hai! Siku ile tulisema tumepigiwa simu na maiti!"

"Maiti ni yule anayekunywa maji ya kisima chenu! Nasikia mmekifunga kwenye mti msije mkakibeba nacho kichwani kwa mazoea!"

"Mtu wa mihogo wewe! Mvivu! Mnacheza ngoma mpaka kwenye ubatizo!"

"Tunacheza kwa sababu shingo zetu zinageuka! Zenu zimeingia mabegani kwa mizigo!"

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mengine nilikuwa nimejifunza nyuma ya kompresa, mengine yalikuja yenyewe. Nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi, mkono mmoja kiunoni, kama mama yangu akigombana na wauza samaki. Kisha bibi mmoja akamnyang'anya mwenyekiti simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba na kali.

"We Mzaramo. Umeoa?"

"Bado, bibi."

"Nani aolewe na mtu anayeuza maji!"

"Nakuja kukuoa wewe, bibi. Fungasha mizigo yako. Gari sina haja ya kuleta, najua utaibeba mwenyewe!"

Kelele zile za pili zilizidi za kwanza. Nilimsikia bibi akisema mbali na simu, "Huyu wangu, asiguswe na mtu."

Mwenyekiti aliporudi alikuwa anahema. Halafu, bila kupisha muda, akaingia kwenye jambo lenyewe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na mtoto wa nyumbani. Mtapita, alisema. Gari lifuate njia ya zamani, lisichepuke, kwa sababu huu ni wakati wa kurina asali na mizinga yetu iko mitini pande zote. Moshi wa gari na milio vinawasumbua nyuki na warinaji. Kambi ikae chini ya kisima, si juu yake. Nyama ije kijijini. Vijana wawili wa kijiji watembee nanyi. Niliitikia kila neno.

"La mwisho," alisema. "Umetukosea siku ile, umetufanya tujione wageni. Kuna faini."

"Sema, mpagazi."

"Gunia la chumvi. Ya baharini, si ya dukani ya pakiti. Na wewe mwenyewe uje nayo. Gari likuteremshe barabarani, uibebe kichwani mpaka ofisi ya kijiji, kijiji kizima kikiangalia. Ili Mzaramo ajue mzigo ni nini. Usipokuja wewe, hata kivuli cha mti hatumpi huyo mgeni wako."

"Nakuja," nilisema.

Simu ilipozimwa, mlinzi alikuwa anaruka nje ya kioo.

"Kwa hiyo?" aliuliza arbab.

"Wamekubali, sir. Mpaka kambi wametupa. Lakini lazima na mimi niende, na nibebe chumvi kichwani."

"Chumvi?"

"Gunia."

"Kichwani?"

Mzee alianza kucheka taratibu, mabega kwanza. Hakuomba aelezwe. Alifungua kifungo cha kisanduku, akatoa darubini, akaivaa.

Chumvi tuliipata soko la Deira, ya mawe, ya kijivu, inayonuka bahari hasa. Uwanja wa ndege, upande wa Al Garhoud, kijana wa mizigo alitazama bunduki na vibali vyake vyote bila kukunja uso, kisha akafika kwenye gunia. "Hii ni nini?" Mzee akamjibu kwa Kiarabu, kwa kiburi kabisa, "Hicho ndicho kibali chenyewe."

Ya kule kijijini ni marefu, na mwenyekiti huyasimulia vizuri kuliko mimi. Niseme tu kwamba gunia lile lilikuwa zito, na jua lilikuwa kali, na watoto walinifuata wakiimba wimbo ulionitaja mimi na mihogo. Nusu ya njia shingo ilianza kuingia mabegani. Yule bibi alitembea kando yangu njia nzima akinipepea kwa kitambaa na kunitukana. Nilipotua gunia mbele ya ofisi, wanawake walipiga vigelegele, na mwenyekiti, mtu mrefu mwenye mvi, alichukua punje moja akailamba, akatazama watu.

"Ya bahari," alitangaza. "Waacheni wapite."

Palahala tulimpata asubuhi ya tatu. Vijana wa kijiji walituongoza dhidi ya upepo, mzee nimemshika mkono kwa sababu hakuiona ardhi vizuri. Walisimama. Mmoja akaonyesha kidole kwenye miti. Mimi, mwenye macho mazima, sikuona kitu mpaka kile nilichodhani ni kivuli kikageuza shingo. Dume jeusi, uso mweupe wenye mistari, pembe zile. Arbab aliinua bunduki akasubiri. Alikuwa anamsubiri baba yake.

Mzee aliweka darubini machoni. Akakaa hivyo muda ambao sikuthubutu kupumua. Midomo yake ilikuwa inacheza. Niliogopa atasema ni wingu jeusi, zuri sana.

"Ananitazama," alinong'ona. Kisha akasema, "Sikio lake la kushoto limechanika."

Akamgusa mwanawe begani. Arbab akasoma bismillahi, na mlio ukapita msituni.

Tulipofika alipoangukia, arbab alikwisha kumchinja na alikuwa amepiga magoti kichwani kwake. Nilimwona anageuza kile kichwa kikubwa kwa mikono miwili, taratibu, na kuchambua manyoya ya sikio la kushoto. Lilikuwa limechanika, jeraha la zamani lililopona, ufa mdogo usiozidi urefu wa kidole. Arbab aliinua mkono wa baba yake akauweka pale.

"Nilikwambia," alisema mzee.

Nyama ilikwenda kijijini yote, na ngoma ikapigwa usiku huo. Walinilazimisha kucheza, eti ndiyo kazi pekee ninayoijua. Nikacheza.

Sasa tumerudi Ras Al Khor. Mzee bado huja asubuhi kukaa mbele ya feni. Gari likiingia huuliza rangi yake, na mimi humwambia. Kule kwa heroe hajaomba tena kwenda. Anasema macho yake yameshiba.

Simu ya gerejini huita siku za gulio la kule, wakati mafundi wote wako kazini na kompresa inaunguruma. Mlinzi huipokea, anasikiliza, ananiita kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili kwamba mke wangu wa Tabora yuko hewani. Zamani ningejificha. Siku hizi natoka chini ya gari, nashika simu kwa mikono yenye grisi.

"Mwangaluka, mume wangu," bibi ananisalimu kwa Kinyamwezi. "Bado unauza maji?"

"Nauza," namjibu, mbele ya mafundi wote, kwa sauti ya kushinda kompresa. "Na wewe bei nimekupandishia!"